Jinsi ya Kuanza Kuelewa na Kutumia Data katika Maisha ya Kila Siku: Mwongozo kwa Mwanafunzi

Wanafunzi wanaoanza kujifunza mambo ya data huniuliza maswali yale yale: nianze na programu gani, je, ni lazima niwe hodari wa hisabati, data zenyewe nizitoe wapi, na nikishazipata nizifanyie nini? Nimeandika mwongozo huu ili mwanafunzi asiye na mwalimu karibu aweze kukaa chini, kufuata hatua moja baada ya nyingine, na baada ya wiki mbili awe na jibu la swali lake mwenyewe alilolipata kwa data alizozikusanya kwa mkono wake.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Wengi wakisikia “data” hufikiria kifurushi cha intaneti kwenye simu, ile data inayoisha. Katika mwongozo huu, data ni taarifa zilizorekodiwa kwa utaratibu, ziwe namba, maneno, saa au tarehe, ili ziweze kuhesabiwa, kulinganishwa na kujibu swali. Mahudhurio ya darasani ni data, na vivyo hivyo alama za majaribio au saa uliyolala jana.

Ninashauri uanze na data zako mwenyewe kabla ya kugusa data za watu wengine. Namba uliyoiandika wewe unaijua ilivyozaliwa: unajua siku uliyosahau kuandika, siku uliyokisia, na siku iliyokuwa ya ajabu. Ukishaona kwa macho yako jinsi namba inavyoweza kupotoka kati ya tukio na daftari, hutaisoma tena takwimu ya gazetini kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu ambavyo utakuwa navyo wakati tukio unalolipima linapotokea.
- Saa au simu inayoonyesha wakati sahihi. Tumia kifaa kimoja tu kwa muda wote.
- Programu ya lahajedwali, yaani jedwali la kielektroniki lenye visanduku linalokufanyia hesabu, kwenye simu au kompyuta. Microsoft Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc zote zinafaa, na hii ya mwisho, ambayo ni ya kompyuta, ni ya bure na haihitaji intaneti ukishaisakinisha.
- Wiki mbili, na dakika moja au mbili kila siku.
- Hisabati ya kujumlisha, kutoa, kugawanya na asilimia. Kwa kuanzia inatosha kabisa.

Huhitaji kozi ya kulipia wala lugha ya programu ya kompyuta. Hayo yana wakati wake, na anayeyakimbilia mapema mara nyingi hujifunza vitufe vya kubonyeza bila kujua anatafuta nini.

Hatua ya 1: Andika swali ambalo jibu lake litabadilisha unachofanya

Chukua ukurasa wa kwanza wa daftari uandike swali moja. Swali kama “Nataka kujua kuhusu safari zangu za shuleni” halifai, kwa sababu hata ukikusanya data mwaka mzima hutajua umefika wapi. Swali linalofaa ni hili: “Nitoke nyumbani saa ngapi ili nifike shuleni kabla ya saa mbili kamili asubuhi?” Lipime swali lako kwa kujiuliza: nikipata jibu, kesho nitafanya nini tofauti na leo? Ukikosa la kusema, badilisha swali.

Nitatumia swali hilo la safari hadi mwisho wa hatua ya saba. Wewe unaweza kuchagua lako, kwa mfano muda unaokuchukua kumaliza kazi ya nyumbani ukiwa na simu mezani na ukiwa umeiacha chumba kingine.

Hatua ya 2: Amua hasa unachopima

Hatua hii watu huiruka kwa sababu inaonekana ndogo. Safari inaanza lini? Unapofunga mlango, au unapofika kituoni? Inaisha unapoingia langoni, au unapoketi darasani? Nilipolifanya zoezi hili mara ya kwanza sikuamua. Siku nyingine nilianza kuhesabu mlangoni, siku nyingine barabarani, na mwisho wa wiki nilikuwa na orodha ya namba ambazo hazikupima kitu kimoja. Niliitupa nikaanza upya.

Andika ufafanuzi wako kwa sentensi kamili chini ya swali: “Safari inaanza ninapofunga mlango wa nyumbani na inaisha ninapovuka lango la shule. Ninapima kwa dakika.” Usiache kutaja kipimo. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mars kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza ilhali nyingine ilizisoma kana kwamba ni za mfumo wa metriki. Hesabu za kila upande zilikuwa sawa, lakini vipimo vilikuwa tofauti.

Hatua ya 3: Rekodi papo hapo, kwa wiki mbili

Chora jedwali lenye nafasi nne: tarehe, saa ya kutoka, saa ya kufika, na maelezo. Nafasi ya maelezo iandikie jambo lolote lisilo la kawaida, kama mvua, foleni, kusindikizana na rafiki, au kurudi nyumbani kuchukua kitu ulichosahau. Wanafunzi wengi huiona kama pambo. Utaona katika hatua ya tano kwamba bila maneno mawili ya nafasi hiyo, namba muhimu kuliko zote isingeeleweka.

Tahadhari mbili. Kwanza, usijaze daftari kwa kukumbuka mwisho wa wiki. Kumbukumbu hukadiria, na dalili yake ni rahisi kuitambua: namba karibu zote huishia na 0 au 5. Ukiona safari zako ni dakika 30, 35, 30, 40, 30, jua kwamba uliyapima makisio yako. Pili, siku uliyosahau iache wazi. Usiandike 0, kwa sababu sifuri ni kipimo, nayo inadai kwamba ulifika shuleni pasipo muda wowote kupita.

Hatua ya 4: Ingiza data kwenye lahajedwali

Mstari wa kwanza uwe wa majina ya safu: A ni tarehe, B saa ya kutoka, C saa ya kufika, D dakika, E maelezo. Baada ya hapo kila siku ipate mstari wake mmoja, na kila kisanduku kibebe jambo moja tu. Usiandike “dakika 31” ndani ya kisanduku cha namba. Andika 31, kwa kuwa neno “dakika” tayari limo kwenye jina la safu. Ukichanganya neno na namba, programu itakichukua kisanduku kizima kama maandishi na itakataa kukijumlisha.

Sasa kuna mtego unaotuhusu sisi tunaozungumza Kiswahili kuliko watu wengine. Saa zetu zinahesabiwa kuanzia macheo, lakini lahajedwali inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa moja na dakika tano asubuhi inatakiwa iandikwe 07:05, si 1:05. Unaweza kudhani haijalishi mradi uandike hivyo siku zote, kwa sababu tofauti ya dakika itabaki ile ile. Itabaki, mpaka siku utakapotoka saa 12:50 asubuhi na kufika saa 1:21. Wewe unajua kwamba hizo ni dakika 31. Programu itakuambia safari ilichukua dakika hasi 689. Andika 06:50 na 07:21, na tatizo halitakuwepo.

Tarehe nazo ziandike kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kama 2025-03-04, ambao ndio mpangilio wa kimataifa. Ukiandika 03/04, kompyuta moja itasoma tarehe 3 Aprili na nyingine tarehe 4 Machi, na hakuna itakayokuonya. Lahajedwali hupenda mno kugeuza vitu kuwa tarehe. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba imebadilisha majina ya baadhi ya jeni, ikiwemo MARCH1 ambayo sasa ni MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe za mwezi wa tatu kwenye kazi za watafiti.

Kwenye kisanduku D2 andika fomula hii, kisha uinakili hadi mstari wa mwisho:

=ROUND((C2-B2)*1440,0)

Namba 1440 ni idadi ya dakika katika siku moja. Tunazidisha nayo kwa sababu ndani ya lahajedwali muda huhifadhiwa kama sehemu ya siku.

Ukimaliza, hifadhi nakala ya faili hili na usiiguse tena. Kazi zote za baadaye zifanye kwenye nakala nyingine, ili ukiharibu kitu uwe na pa kurudi.

Hatua ya 5: Zitazame namba kabla ya kuzikokotoa

Tuseme siku kumi za masomo, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki mbili, zimekupa dakika hizi:

Wiki ya kwanza: 31, 28, 33, 30, 29
Wiki ya pili: 62, 32, 27, 30, 34

Usikimbilie wastani. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, kisha chora grafu ya nukta, siku kwenye mhimili mlalo na dakika kwenye mhimili wima. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga makundi manne ya data, kila moja likiwa na jozi 11 za namba, ambayo wastani wake na nguvu ya uhusiano wake vinakaribia kufanana kabisa. Lakini ukiyachora, moja ni mstari ulionyooka wenye mtawanyiko wa kawaida, jingine ni mkunjo, na mengine mawili yanaburutwa na nukta moja iliyojitenga. Hesabu peke yake isingekuonyesha tofauti hiyo.

Katika data zetu, namba 62 imejitenga. Jiulize maswali matatu kwa mfuatano: je, ni kosa la kuandika? Je, siku hiyo nilipima kitu kingine? Au ni kweli ilitokea? Fungua daftari. Kwenye maelezo ya siku hiyo imeandikwa “mvua kubwa”. Basi ni kweli, na itabaki. Kufuta namba kwa sababu tu inaharibu sura ya grafu ni kosa kubwa, hata kama hakuna atakayegundua.

Hatua ya 6: Kokotoa, kisha rudi kwenye swali

Andika =AVERAGE(D2:D11) upate wastani, na =MEDIAN(D2:D11) upate namba ya katikati, yaani ile inayogawa orodha iliyopangwa katika nusu mbili. Wastani utakuwa dakika 33.6. Namba ya katikati itakuwa 30.5.

Kwa nini zinatofautiana? Kwa sababu ya ile 62. Ukiiondoa kwa majaribio tu, wastani wa siku tisa zilizobaki unashuka hadi 30.4. Siku moja kati ya kumi imeupandisha wastani kwa zaidi ya dakika tatu, na sasa wastani huo uko juu ya safari nane kati ya kumi. Namba ya katikati inashuka kwa nusu dakika tu, hadi 30. Ndiyo maana mtu akikutajia wastani wa kitu chochote, hasa cha fedha au cha muda, ni haki yako kuuliza namba ya katikati ni ipi.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hufunga daftari wakidhani wamemaliza. Swali lako halikuwa “safari huchukua muda gani?” Swali lilikuwa “nitoke saa ngapi nisichelewe?” Jaribu kulijibu kwa namba ya katikati: utenge dakika 31. Zihesabu siku zilizozidi 31: ni 32, 33, 34 na 62. Ungechelewa siku nne kati ya kumi. Namba ya katikati ni maelezo mazuri ya siku ya kawaida na ni ushauri mbaya kwa mtu asiyetaka kuchelewa.

Badala yake hesabu moja kwa moja ni mara ngapi ungechelewa kwa kila muda unaofikiria kuutenga. Fomula =COUNTIF(D2:D11,">35") itakupa jibu 1. Ukitenga dakika 35, yaani utoke saa 1:25 asubuhi, ungechelewa siku moja tu, ile ya mvua. Kwa siku za kawaida huo ni mpango mzuri. Lakini siku ya mtihani, ambapo kuchelewa kunaweza kukugharimu mwaka mzima, mimi ningetoka zaidi ya saa nzima kabla, kwa sababu data hizi zinaonyesha kwamba safari ya dakika 62 si jambo la kufikirika; imetokea ndani ya wiki mbili tu. Data zile zile zimetoa majibu mawili tofauti, na yote ni sahihi, kwa kuwa hasara ya kukosea si sawa katika siku hizo mbili.

Hatua ya 7: Usikimbilie kutaja sababu

Tazama tena jedwali. Zile dakika 62 ziliangukia Jumatatu. Wastani wa Jumatatu zetu ni 46.5, na wa siku nyingine zote ni 30.4. Mtu anaweza kuandika sentensi hii bila kusema uongo hata neno moja: “Safari za Jumatatu huchukua muda mrefu zaidi kwa takriban nusu kuliko siku nyingine.” Hesabu ni sahihi, lakini hitimisho halina msingi, kwa sababu Jumatatu tulizonazo ni mbili tu, na moja kati ya hizo ilichukua dakika 31 kama siku yoyote.

Je, sababu ni Jumatatu au ni mvua? Kwa siku kumi hatuwezi kujua kwa uhakika, ingawa mvua ina maelezo yanayoeleweka zaidi. Tunachoweza kufanya ni kuendelea kurekodi mpaka tupate Jumatatu kadhaa zisizo na mvua, na mvua kadhaa zisizo za Jumatatu. Hivyo ndivyo unavyotenganisha mambo mawili yaliyotokea pamoja: unatafuta siku ambazo moja lipo bila jingine. Ukilizoea zoezi hili katika jambo dogo la safari, utaliona pengo lile lile katika madai makubwa ya afya na elimu.

Hatua ya 8: Sasa soma data za wengine

Chukua takwimu yoyote uliyokutana nayo wiki hii, kwenye gazeti, tangazo au ujumbe uliotumiwa, na uipitishe kwenye maswali yafuatayo. Andika majibu kwenye daftari. Ukiyajibu kichwani utajidanganya kwamba umeyajibu.

Nani alihesabiwa, na nani hakuhesabiwa? Mwaka 1936 jarida moja maarufu la Marekani lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10 kuhusu uchaguzi wa rais, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa yalitokana kwa sehemu kubwa na orodha za wenye simu na wenye magari, katika kipindi kigumu cha uchumi ambacho watu wengi hawakuwa na chochote kati ya hivyo. Na hata kati ya waliotumiwa, wachache tu ndio waliojibu. Majibu milioni 2 hayakuweza kufidia watu ambao hawakuulizwa. Kwa hiyo unapoona “watu 50,000 wamepiga kura mtandaoni”, usivutiwe na ukubwa wa namba kabla hujajua watu hao walipatikanaje.

Kati ya wangapi? Oktoba 1995 nchini Uingereza lilitolewa onyo kwamba vidonge vya aina mpya vya uzazi wa mpango vinaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, vikilinganishwa na vya zamani. Wanawake wengi waliogopa wakaviacha, na mwaka uliofuata idadi ya utoaji mimba katika Uingereza na Wales iliongezeka. “Mara mbili” ilikuwa kweli, lakini ilimaanisha kutoka takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi wanawake 2 kati ya 7,000. Laiti habari ingetolewa kwa namna hiyo ya pili, kila mwanamke angeweza kupima uamuzi wake kwa utulivu. Kila ukikutana na “imeongezeka mara mbili” au “imepungua kwa nusu”, tafuta ilianzia ngapi.

Ni asilimia ya nini? Kiwango kikitoka asilimia 4 kwenda asilimia 6, kimepanda kwa pointi 2 za asilimia, na pia kimepanda kwa asilimia 50 ya kilivyokuwa. Kauli zote mbili ni sahihi. Msemaji huchagua ile inayomfaa.

Mhimili wa grafu unaanzia wapi? Nguzo mbili zenye thamani ya 50 na 52 zikichorwa kuanzia 49, ya pili itaonekana ndefu mara tatu ya ya kwanza, ilhali tofauti yake ya kweli ni asilimia 4. Soma namba za mhimili kabla ya kutazama nguzo. Katika grafu ya mistari mhimili unaweza kuanzia juu ya sifuri bila kosa, mradi uwe umeandikwa wazi. Katika grafu ya nguzo unapaswa kuanza na sifuri, kwa sababu jicho hulinganisha urefu wa nguzo nzima.

Hatua ya 9: Pakua faili moja la data za wazi

Benki ya Dunia ilifungua hazina yake ya data kwa umma bila malipo mwaka 2010, na Shirika la Afya Duniani nalo lina hazina yake. Chagua kiashiria kimoja tu, yaani jambo moja linalopimwa, nchi mbili na miaka kumi. Pakua faili la CSV, yaani faili la maandishi ya kawaida ambalo safu zake hutenganishwa kwa alama kama mkato, nalo hufunguka katika lahajedwali yoyote. Kabla ya kuchora chochote, soma maelezo ya kiashiria: kinapimaje, na kwa kipimo gani? Ukilinganisha nchi zenye idadi tofauti ya watu, tumia kiwango kwa kila mtu au kwa kila watu 1,000, la sivyo utakuwa unalinganisha idadi ya watu tu.

Kama utakusanya data kutoka kwa wenzako badala ya kupakua, waombe ruhusa, waeleze utazifanyia nini, na usiandike majina yao kwenye faili. Katika darasa la watu 30, tarehe ya kuzaliwa na jinsia peke yake huweza kumtambulisha mtu, kwa hiyo kuficha jina tu hakutoshi.

Matatizo yanayojitokeza mara nyingi

*Dakika zinaonekana kama 0.02.* Umesahau kuzidisha kwa 1440. Kama unaona saa badala ya namba, fomula ni sahihi ila muundo wa kisanduku ni wa saa. Ubadilishe uwe wa namba.

*Programu inakataa kujumlisha safu.* Huenda namba zimeingia kama maandishi. Kwa kawaida namba hulala upande wa kulia wa kisanduku na maandishi upande wa kushoto. Tafuta nafasi tupu, herufi O iliyoandikwa badala ya sifuri, au mkato uliotumika badala ya nukta ya desimali.

*Fomula inaleta kosa ingawa umeinakili neno kwa neno.* Katika baadhi ya mipangilio ya lugha, sehemu za fomula hutenganishwa kwa nuktamkato badala ya mkato. Jaribu =COUNTIF(D2:D11;">35").

*Namba zinazoanza na sifuri zimepoteza sifuri.* Namba za simu na za usajili si za kujumlishwa. Badilisha muundo wa safu uwe wa maandishi kabla ya kuingiza chochote.

*Faili la CSV limefunguka lote kwenye safu moja.* Tumia sehemu ya kuingiza data ya programu yako, kisha uchague alama inayotenganisha safu, ambayo kwa kawaida ni mkato au nuktamkato.

*Mwisho wa faili kubwa haupo.* Faili za Excel za muundo wa zamani wenye kiambishi .xls haziwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Hifadhi kwa muundo mpya, na kila mara linganisha idadi ya mistari uliyonayo na ile iliyotajwa na chanzo.

*Umesahau kurekodi siku tatu.* Ziache wazi, ongeza siku tatu mwishoni, na uandike kwamba ulifanya hivyo. Kama siku ulizosahau zote zilikuwa zile ulizotoka mbio kwa kuchelewa kuamka, liandike hilo pia, kwa kuwa data zako zitakuwa zimekosa siku za aina hiyo hiyo.

*Wiki mbili zimepita na huoni tofauti yoyote.* Tuseme ulilinganisha kazi ya nyumbani ukiwa na simu na bila simu, na muda ukawa karibu sawa. Hilo ni jibu. Angalia kwanza kama kila upande una angalau siku tano, kisha angalia kama ufafanuzi wako wa hatua ya pili ulifuatwa siku zote. Ikiwa yote yako sawa, andika “sikuona tofauti katika siku hizi kumi” pamoja na namba zenyewe, na uhifadhi faili pamoja na daftari, maana swali lako la pili huenda likahitaji data hizo hizo.